Mhakiki wa Makala ya Masara

Daktari Cephas aliyajua maneno ya karatasi ile hata kabla Mellen hajaikunjua. Aliyaandika mwenyewe.

"Nisomee, daktari," Mellen alisema.

Alikuwa ametoka Migori asubuhi hadi ofisini kwake hapa Homa Bay. Miaka miwili mizima alikuwa kwenye machimbo ya Masara akipima zebaki kwenye mkojo wa akina mama wanaoosha dhahabu kwa mikono mitupu. Makala yake ya utafiti huo isipochapishwa, ufadhili wa masomo yake unakatwa mwezi huu. Cephas, aliyemfundisha utafiti, alilijua hilo fika.

Lakini Cephas naye alikuwa na makala yake kuhusu zebaki hiyohiyo, na alitaka itangulie. Jarida la kisayansi lilipomtumia kazi ya Mellen aihakiki, kwa utaratibu wao wa mwandishi kutoambiwa ni nani anayemhakiki, aliikalia miezi mitano, kisha akaikataa. Mtu mzima na mvi zake, aibu tupu.

Sasa akasoma kwa sauti. "'Sampuli ni chache. Mwandishi bado hajakomaa.'"

"Hajakomaa," Mellen alirudia polepole. "Huyu mtu angekuwa ananijua, daktari, angeniandikia hivyo?"

"Pole sana, nyathina," alimwambia, kama mzazi kwa mwanawe.

Alijiona mwizi. Makala yake mwenyewe ilikubaliwa juzi. Sema, alijiambia. Sema sasa hivi, umwandikie mhariri, msichana wa watu asome. Akafungua mdomo, na kilichotoka kikawa, "Hawa wahakiki wa ng'ambo hawaijui Masara."

Mellen hakuonyesha hasira yoyote.

"Kuna ukurasa wa pili," alisema.

Cephas akaugeuza. Huu hakuwahi kuuona. Ilikuwa barua fupi ya mhariri kwa Mellen, ikimshukuru kwa subira. Makala yake, mhariri aliandika, ilipelekwa kwa mhakiki mmoja tu, yule ambaye yeye Mellen alimpendekeza.

"Kwenye fomu ya kutuma makala waliniambia nitaje watu ninaowaamini," Mellen alisema, akichukua mkoba wake. "Nilitaja mmoja, daktari."