Rangi ya Kucha kwenye Nati

Nje ya zizi, siku ya kutenga kondoo, Gróa aliikandamiza boneti ya jipu lao, akaiachia. Ikadundadunda mara nne. Shokapu zimekufa, na mumewe tangu kiangazi anaapa kuwa Iceland nzima hazipatikani za kuaminika.

Akalikandamiza na jipu la jirani yao mjane. Likashuka, likapanda, likatulia tuli.

Akachungulia nyuma ya tairi. Shokapu mpya, na kwenye kila nati tone la rangi ya kucha, zambarau. Ndivyo mumewe anavyotia alama nati alizokaza. Na kichupa cha rangi hiyo kilimpotea Gróa mwezi Julai.

Mumewe akaja na katalogi ya shokapu za ng'ambo mkononi. "Haya mama, chagua mwenyewe. Tuweke zipi?"

"Kama hizi," alisema Gróa, kidole juu ya lile tone. "Nifungie kama ulivyomfungia mke mwenzangu."