Ungo wa Bi Tunu

Sebuleni kwa Bi Tunu, fundi cherehani Kidawa aliinua simu ampige picha. Akili mnemba iliyomo simuni ingemchorea gauni la kuvaa kwenye harusi ya binti yake, mradi tu ilione umbo lake.

"Umbo na ilione," alisema Bi Tunu. "Uso wangu siupeleki nisikokujua."

"Shoga, hiyo ni mashine tu."

"Mashine ina wenyewe. Unawajua?"

Kidawa hakuwajua. Bi Tunu akaenda jikoni, akarudi na ungo wa kupepetea mchele, akajifunika uso, akasimama wima kama mlingoti. Walicheka mpaka picha ya kwanza ikatoka na ukungu.

Punde mchoro ukaja. Gauni lilikuwa la kijani, refu, lenye mikono mipana. Na mashine, isiyojua ungo ni kitu gani, ilimvika kofia pana ya ukindu iliyoinamia usoni.

Bi Tunu aliutazama mchoro.

"Niifute hiyo kofia?" aliuliza Kidawa.

"Ole wako."

Siku ya harusi wanawake walipiga vigelegele, kisha wakaanza kuulizana ni nani yule wa kijani. Chini ya ukindu, mama wa bibi harusi alikuwa akitabasamu peke yake.