Wahariri Arobaini na Mmoja

Simu ilitetemeka ndani ya mkoba kwa mara ya tatu. Mama Taarifa, kama walivyozoea kumwita kazini, aliusukuma mkoba kwa mguu hadi chini ya meza, akaendelea na slaidi ya nne.

"Nilianzia hapa," alisema. "Ndoo ya gundi mkononi, nabandika mabango ukutani. Tangazo la kwanza la redio la sabuni yetu niliandika mimi, na yule bibi anayecheka mwishoni ni mimi vilevile."

Hakuna aliyecheka. Mbele yake walikaa watatu: mkurugenzi, afisa wa rasilimali watu, na mshauri kijana aliyeletwa na kampuni ile nyingine. Tangu kampuni mbili za sabuni zikubaliane kuungana, kila mkuu wa idara alitakiwa kuomba upya kazi yake mwenyewe, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyoijenga. Miaka kumi na tisa ya masoko na mawasiliano, naye kapewa dakika ishirini.

Asubuhi mama yake alikuwa amemtazama akifunga vifungo vya koti.

"Kwani hao watu hawakujui?"

"Wananijua, mama."

"Sasa unakwenda kuwaambia nini?"

Alimaliza kifungo cha mwisho, akachukua mkoba. Kwa kweli aliogopa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na matangazo yote ya kazi aliyoyasoma mwezi ule yalitaka vijana. Halafu kulikuwa na figo za mama. Mara tatu kwa wiki mama alisafishwa damu hospitalini, na aliyegharamia ni bima ya kampuni. Kazi ikiondoka, na bima inaondoka.

Simu ilitetemeka tena. Leo ilikuwa siku ya hospitali. Isije ikawa ni nyumbani, aliwaza. Lakini angeinamaje kuchungulia simu katikati ya usaili? Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika kumi.

"Endelea tu, dada," alisema mkurugenzi, macho yake yako kwenye karatasi. Walianza kazi mwaka mmoja wao wawili, na siku zote akiongea naye humtazama usoni.

Alifungua slaidi ya tano. Hiyo ndiyo aliyoitegemea. Mwaka ambao sabuni ilibabua watu mikono, wakubwa walitaka kunyamaza. Yeye aliwapigia wahariri wa magazeti na redio, mmoja mmoja, kabla hawajamtafuta. Aliwaambia ukweli: sabuni ni mbovu, waambieni watu waache kuitumia. Kampuni ilitukanwa wiki mbili, kisha wateja wakarudi.

"Tangu siku hiyo nina wahariri arobaini na mmoja," alisema. "Barua pepe za kampuni nyingine wanaziacha zikae hadi jioni. Yangu wanaifungua hapo hapo. Hawapigi simu kuuliza kama ni kweli, kwa sababu sijawahi kuwadanganya."

Mshauri kijana aliinua kichwa. Lilikuwa swali la kwanza tangu aingie.

"Mama, tuseme umepewa taarifa ambayo hujaisoma, umeambiwa uitume tu. Unafanyaje?"

"Naituma," alijibu kwa fahari kidogo. "Hata leo asubuhi nimefanya hivyo, kabla sijaja hapa. Kazi haingoji usaili."

Na ndivyo ilivyokuwa. Saa tatu katibu muhtasi wa mkurugenzi alimletea faili la taarifa ya muungano, limefungwa kwa neno la siri. Taarifa nzito hutumwa hivyo: yeye anawapelekea wahariri mapema, na saa ya kutangaza ikifika, ofisi ya mkurugenzi inawatumia neno la kulifungulia. Leo saa hiyo ilikuwa saa tano kamili. Katibu muhtasi alimletea na kikombe cha chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaondoka bila hata kuulizia hali ya mama yake kama kawaida.

"Na hukutaka kujua ndani mna nini?" aliuliza mshauri.

"Kisichonihusu sikichungulii."

Afisa wa rasilimali watu alijimiminia maji ilhali glasi yake ilikuwa imejaa, yakamwagika mezani. Alitafuta kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Simu ilitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Sasa Mama Taarifa hakusikia kingine. Alimwona mama yake kaanguka sebuleni, jirani anapiga simu, na yeye kasimama hapa na rimoti ya slaidi mkononi akijisifia mabango. Slaidi tatu za mwisho alizipitisha bila kujua anasema nini. Alijiona akiharibu kila kitu, na hakuweza kujizuia.

"Maswali?" aliuliza.

Mshauri alifunga daftari lake.

"Umejieleza vizuri sana, dada," alisema mkurugenzi, safari hii akitazama dirishani. "Tutakujulisha."

Alitoka karibu akikimbia. Ukumbini aliegemea ukuta, akachomoa simu. Simu kumi na saba zilizokosa kupokelewa, na hakuna hata moja ya nyumbani. Alishusha pumzi. Mama yuko salama.

Chini yake kulikuwa na ujumbe mmoja, kutoka kwa mmoja wa wale wahariri arobaini na mmoja.

"Mama Taarifa, tumekupigia sana, ila kwa kuwa taarifa imetoka kwako tumeshaitoa hewani bila kusubiri. Pole, na hongera kwa moyo wa kuitangaza mwenyewe. Tunaomba tu picha ya huyo dada aliyechukua nafasi yako, umesahau kuiambatanisha."