Picha Moja Haimo

Viatu vilipita tena nyuma ya nyumba, na Mwalimu akalisukuma kabati kwa bega mpaka likabana mlango barabara.

Wiki nzima sasa. Kila asubuhi watu wale walikuja, wakaizunguka nyumba mara moja, wakaenda zao. Hawagongi, hawatukani, hata kukohoa hawakohoi. Hapo ndipo palipomtia hofu. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia. Anayenyamaza utamjibu nini?

Walitaka nyumba, basi. Akitoka hata kununua chumvi, watabadilisha kitasa na mizigo yake aikute barabarani. Alijua vizuri mambo hayo yanavyofanywa. Kwa hiyo alijifungia, akaishi kwa mkate mkavu na maziwa ya kuletewa dirishani.

"Mwalimu, toka uzungumze nao yaishe," muuza maziwa alimwambia asubuhi ile, akipenyeza chupa kati ya nondo. "Wamechoka, masikini."

"Goliathi naye alichoka?"

"Mie sijui. Mie nauza maziwa."

Akamfungia dirisha. Ebo! Miaka kumi na miwili amewafundisha watoto wa kanisani hadithi za Biblia, kwa picha alizochora mwenyewe kwenye maboksi, leo aje atishwe na viatu? Akazitoa picha zake, akazipanga mezani. Daudi na kombeo lake. Farao na farasi wake, maji shingoni. Danieli amekaa katikati ya simba kama yuko sebuleni kwake.

Akaweka mkono juu ya kila moja, machozi yakimtiririka. "Bwana, uliwashinda hawa. Washinde na wale. Sina mwingine wa kumkimbilia."

Moyo ukatulia kidogo. Akatafuta ile picha kubwa kuliko zote, ambayo watoto hugombania kuibeba. Alipekua boksi zima, akainua hata godoro. Haimo.

Nje viatu vikapita. Halafu vikapita tena, na tena. Leo hawakwenda zao.

Alianza kuhesabu bila kutaka. Nne. Tano. Akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagota kwenye mwimo wa mlango wa chumbani, penye alama za penseli za kupimia urefu wa watoto, zile alizozisugua kwa sabuni siku mbili zisitoke.

Sita.

"Waanguke, Bwana," alinong'ona. "Waanguke leo leo."

Saba. Viatu vikasimama mbele ya mlango.

Akajikokota hadi dirishani, akachungulia pembeni mwa pazia. Aliyetangulia alikuwa binti mdogo wa marehemu kaka yake, amekumbatia kipande cha boksi kilichochorwa kuta za Yeriko zikianguka. Nyuma yake kaka mtu, na tarumbeta ya plastiki mdomoni. Nyuma yao mama yao, bado katika nguo nyeusi, ameshika funguo zilizokuwa hazifungui tena mlango ule.

"Mama, sasa ndiyo tunapiga kelele," binti alisema. "Shangazi alitufundisha hivyo."