Vijiti vya Mgongo

Sangoro, dereva wa lori, alikuja na jibu tayari. Kliniki tatu zilikuwa zimemfukuza yeye na maumivu yake ya mgongo, kila moja baada ya kusikia neno miraa. Leo alikuwa na pipi ya mnanaa mdomoni.

“Unatafuna kiasi gani kwa siku?” aliuliza tabibu Zawena, akimpima mapigo kwenye kifundo cha mkono.

“Kutafuna nini, mama?”

“Baba, pipi hiyo haijawahi kumdanganya mtu hapa. Moyo unakwenda mbio. Niambie ukweli nikupe dawa isiyogombana na miraa. Kukufukuza, sikufukuzi.”

 Sangoro akatoa furushi kotini, akafungua jani la mgomba na kuanza kugawa vijiti vya miraa mezani kwa mafungu.

“Hivi vya kukesha kwenye usukani.” Vilikuwa vinne. “Hivi vya mgongo.”

Fungu la mgongo likakua hadi ukingoni mwa meza. Zawena akasogeza karatasi zake kuliachia nafasi.

Kijiti kimoja kilibaki mkononi mwa Sangoro. Alikishika juu ya fungu moja, akakihamishia juu ya jingine, asijue akiweke wapi.