Chai Juu ya Injini

Katika gereji ile, mtu hakuhesabiwa kuwa fundi mpaka glasi iliyojaa chai isimame juu ya injini aliyoirekebisha, ikiwa inanguruma, bila kumwagika hata tone. Kidawa alikuwa amesugua plagi za wenzake miaka mitatu. Leo alipewa bisibisi.

Gari lilikuwa kuukuu, la kabureta, na lilikohoa moshi mweusi.

"Likikushinda, dada, karai lako la plagi lipo pale," alisema Tindwa, mkuu wa gereji. Wenzake wakaangua kicheko.

"Chekeni sasa hivi," Kidawa akawajibu. "Baadaye mtakosa nafasi."

Akaikaza skrubu ya kabureta ili kupunguza petroli. Moshi ukakatika, lakini injini ikaanza kutetemeka, ikataka kuzima.

"Ongeza mafuta! Inakufa hiyo!" Tindwa akafoka.

Kidawa hakukurupuka. Aliinamisha sikio, akailegeza skrubu kidogo mno, akangoja. Akailegeza tena. Mtetemo ukaisha, mngurumo ukanyooka.

"Lete chai, kaka."

Tindwa aliimimina mwenyewe, akaijaza mpaka ikavimba mdomoni mwa glasi, akaitua juu ya injini. Wote wakainama. Chai ilitulia kama iliyoganda.

Kidawa akaichukua, akainywa taratibu, kichwa juu, mpaka ikaisha.

Getini likaingia gari jingine. Dereva akashuka, akafungua boneti.

"Fundi!" akaita.

Vichwa viwili vikageuka: cha Tindwa na cha Kidawa.