Juisi ya Mchicha

Mtaani kwetu hakuna anayenishinda kusimulia. Walioniweza wameshatangulia mbele ya haki. Basi Rukia alikuwa anasafisha mwili kwa juisi ya mchicha, chakula marufuku. Adhuhuri jirani yake, Bi Mashavu, akaingia na sinia la wali wa nazi.

"Mwanangu, tangu nimzike bwana, mkono bado unapika wa watu wawili. Nikila peke yangu, haupiti kooni."

Rukia akaitazama juisi, akamtazama mama wa watu, akanawa mikono. Wakala pamoja mpaka sinia likang'aa.

Jioni mumewe akauliza, "Bado juisi tu, mke wangu?"

"Juisi tu."

Bi Mashavu akachungulia dirishani, uso umekunjuka. "Rukia, kesho nikuwekee tena ukoko?"